F ya Futa

4 Machi

Kwako Kifutio,

Mama hajambo, ni goti tu linalomsumbua asubuhi. Nimeanza na hilo usije ukasoma barua nzima moyo ukikudunda, ukidhani kuna msiba. Msiba upo, lakini ni wangu. Na ndiyo, bado nakuita Kifutio. Mtu aliyetafuna vifutio vya darasa zima hapewi jina jipya eti kwa sababu amevaa tai.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwa kalamu wakati una barua pepe. Ni kwa sababu kalamu haijawahi kunigeuka. Ile kompyuta ya masjala sitaki hata kuiona. Nikiikumbuka natamani kutema mate, na unajua mimi si mtu wa kutema mate.

Sikiliza. Mwaka huu hospitali ilituletea programu mpya ya barua pepe. Mkufunzi akaja, akatufundisha watu arobaini kwa nusu saa huku jicho lake liko kwenye saa ya mkononi. Alisema kila kazi ina herufi yake: unabonyeza herufi moja tu, kazi imeisha, huna haja ya kuhangaika na kipanya. Tukamuuliza ni herufi zipi. Akasema mtazizoea tu. Akamaliza soda yake akaondoka. Mwezi wa pili kipanya changu kikafa. Nikamwomba mtunza stoo kingine, akaniambia nisubiri. Nikasubiri, huku natumia hizo herufi.

Sasa Jumanne iliyopita maabara walikosea, wakaniletea mimi majibu ya vipimo yaliyotakiwa kwenda kwa daktari. Yalikuwa ya Mpishi. Yule yule wa jikoni kwetu, ambaye ulikula kwake ulipokuja kunitembelea, ukaomba kuongezewa hadi nikaona aibu. Miaka kumi na tisa niko naye. Nilisoma mistari miwili kabla sijajua nasoma nini, nikaacha hapo hapo. Ni ugonjwa ule ambao watu wakiutaja wanapunguza sauti. Nikawapigia maabara wampelekee daktari mwenyewe, halafu nikataka kuifuta ile barua kwangu haraka kabla mtu hajapita nyuma ya kiti.

Skrini yote ni Kiswahili. Imeandikwa Jibu, Peleka, Futa. Nikabonyeza F. F ya Futa. Kikatokea kisanduku: "Una uhakika?" Nikajibu Ndiyo. Sijawahi kuwa na uhakika kiasi kile.

Kumbe F si Futa. F ni ya kupeleka kwa wengine! Na kwa kuwa barua yangu ya mwisho asubuhi ile ilikuwa tangazo la kusafisha matangi ya maji, lililokwenda kwa wafanyakazi wote, mashine ikajiamulia kwamba na hii iende huko huko. Kwa watu mia moja na arobaini. Nilisikia simu zikilia kwenye korido, moja baada ya nyingine, kutoka mapokezi hadi famasi.

Nimesimamishwa kazi. Wanasema nilifanya kusudi, kwa sababu mwaka jana niligombana na Mpishi kuhusu funguo za kabati na kila mtu alitusikia. Kamati ya nidhamu inakaa tarehe 2 Aprili. Wakiniona nina hatia, naondoka baada ya miaka ishirini na sita na jina la mtu anayetangaza siri za wagonjwa. Na Mpishi mwenyewe anaamini ni kusudi.

Wewe unafanya kazi na watu wa kompyuta. Niambie ni mpumbavu gani alikaa mezani akaandika Futa, halafu F akaipa kazi nyingine. Pia iandikie kamati barua, uwaeleze kitaalamu kwamba mtu yeyote angekosea. Iandike kwenye karatasi, tafadhali.

Dada yako


11 Machi

Shikamoo Dada,

Barua yako nimeipata. Pole sana, kwa kweli nimehuzunika. Nimekupigia simu mara nyingi haipatikani, nadhani umeizima kwa sababu ya maneno ya watu. Umefanya vizuri.

Kuhusu F, ni suala la mazoea. Programu hizi zilianzia katika lugha nyingine, ambako neno la kupeleka linaanza na F na la kufuta linaanza na D. Vidole vya dunia nzima vimeshazoea hivyo. Ukibadilisha herufi kwa ajili ya lugha moja, anayehama ofisi au anayetumia lugha mbili atachanganyikiwa. Kwa hiyo maneno yanatafsiriwa, herufi zinaachwa kama zilivyo. Si upumbavu, Dada. Ni uamuzi, na una sababu zake.

Barua kwa kamati itakuwa ngumu. Kampuni yetu haituruhusu kutoa maoni kuhusu programu zilizoko kazini. Ningekushauri uombe radhi. Sema ulikuwa umechoka, sema ulikuwa na haraka. Kamati hizi hupenda mtu anayejishusha, na jambo likaisha kimya kimya.

Msalimie Mama. Amkande goti kwa maji ya moto, asiache.

Mdogo wako,
Kifutio


17 Machi

Marahaba,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama kwa hasira.

Vidole vya dunia nzima! Na hivi vyangu ni vya wapi? Mbona hukuniambia kwamba siku hizi kuna watu ambao vidole vyao havimo duniani? Sikuchoka, wala sikuwa na haraka ya kunitoa akili. Skrini iliniandikia Futa, nikatafuta herufi ya Futa. Sasa nikasimame mbele ya watu niseme nilichoka, ili mwerevu fulani asiaibike? Huo ushauri wako umeniacha na ladha mbaya mdomoni, kama nimelamba betri.

Jana nilikwenda kurudisha funguo za masjala, nikapita bwaloni saa saba mchana. Unakumbuka lilivyokuwa, watu wanagombania nafasi. Sasa meza ziko tupu. Sahani chache zilizochukuliwa zimerudishwa kwenye dirisha la jikoni na chakula chake. Mhasibu alichukua kijiko akakinusa, akakiweka chini kwa ncha za vidole. Daktari wa wodi ya tatu, msomi, anayejua kabisa kwamba ugonjwa ule hauambukizwi kwa chakula, alikuwa na mkate kwenye mfuko wa plastiki anautafuna amegeukia ukutani. Na wote bado wanamwambia Mpishi "Asante Mama" kwa sauti tamu wanapopita dirishani. Niliona kinyaa, Kifutio. Si cha chakula. Niliwaonea watu kinyaa.

Mpishi alikuwa amesimama nyuma ya sufuria zake, upawa mkononi, hana wa kumpakulia. Sikuweza kupita bila kusalimia. Hakuitikia. Aliniuliza tu, "Mwenzangu, ni kwa ajili ya zile funguo?" Nikafungua mdomo kumweleza habari za F, na mbele ya uso ule maneno yangu yakasikika ya kijinga hata kwangu. Akarudi jikoni.

Halafu Mwenyekiti wa kamati akaniita ofisini anisomee barua waliyoipata kutoka kwa wenye programu. Nimeikariri: "Programu ilifanya kazi kama ilivyokusudiwa. Mtumiaji aliulizwa kuthibitisha, naye akathibitisha. Hili ni kosa la mtumiaji." Chini imesainiwa na mtu anayejiita Mratibu wa Lugha. Lugha gani anairatibu huyo? Anajua kuniuliza kama nina uhakika, hajui kuniambia wa nini. Nikimpata nitamsugua ulimi kwa sabuni ya kufulia. Ni kama mtu aliyechimba shimo mlangoni, akakaa pembeni anaandika majina ya wanaotumbukia.

Je, unamjua? Watu wa kazi hiyo hamko wengi. Nipe jina lake, niliandike kwenye utetezi wangu.

Dada


22 Machi

Shikamoo Dada,

Huyo mtu simjui vizuri kama nilivyodhani. Ofisi hizi zina watu wengi na vyeo ni vingi.

Naomba unisubiri kidogo kabla hujaandika jina la mtu yeyote kwenye utetezi. Siku chache tu.

Kifutio


25 Machi

Kwa Mratibu wa Lugha,

YAH: KOSA LA MTUMIAJI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jana Mama alikuwa anatafuta miwani. Nikamfungulia kasha lake la miwani, ndani hamna miwani, kuna kadi. Ile uliyompa ulipopandishwa cheo. Ameitunza humo isikunjike, na wageni wakija anaitoa awaoneshe, ingawa bila miwani hawezi kuisoma na miwani hana pa kuiweka.

Mimi nimeisoma. Jina lako lina cheo chini yake, maneno matatu.

Nimeirudisha kwenye kasha. Mama sijamwambia, kwa ajili yake yeye, si kwa ajili yako.

Barua ya kosa la mtumiaji ina tarehe 9 Machi. Nijibu swali moja na usinizungushe. Siku unaweka sahihi, barua yangu ulikuwa umeshaipata au bado?

Wako,
Mtumiaji


28 Machi

Dada,

Shikamoo sitaiandika, kwa sababu sijui kama utaipokea.

Nilikuwa nimeshaipata. Ilifika tarehe 8. Niliisoma kwenye lifti nikacheka pale uliposema kuhusu tai, kisha nikafika kwa Mpishi, nikaacha kucheka. Kesho yake Mkuu wangu akaniletea barua ya hospitali yenu pamoja na jibu lililoandikwa tayari. Nilichotakiwa ni kusaini tu. Nilijiambia kwamba kampuni ndiyo inayosema, si mimi, na kwamba nikikataa nitaulizwa sababu, nikitoa sababu itajulikana mimi ndiye niliyeweka yale maneno ya Kiswahili kwenye skrini. Nikasaini. Halafu siku mbili baadaye nikakuandikia ile barua ya vidole vya dunia nzima na maji ya moto ya goti.

Kuna mengine. Bora uyasikie kwangu.

Kile kisanduku cha "Una uhakika?" ni changu. Mwanzoni kilikuwa kinasema, "Una uhakika unataka kupeleka barua hii kwa watu 140?" Namba ilikuwa inajiweka yenyewe. Mafundi wakasema sentensi ni ndefu, inatoka nje ya kisanduku, ipunguzwe. Wangeweza kukipanua kisanduku. Mimi nikapunguza sentensi, nikabakiza maneno mawili, na kikaoni nikapigiwa makofi kwa ufupi ule.

Na F. Dada, F niliulizia. Mwaka juzi, kabla programu haijatoka, nilisema haiwezekani tukatafsiri maneno tukaacha herufi. Nikawapigia simu watu kumi na wawili wa kawaida: mwalimu, fundi cherehani, muuza dawa, dereva, watu wa namna hiyo. Kila mmoja nilimuuliza, ukitaka kufuta barua ungebonyeza herufi gani? Kumi na mmoja walisema F. Mmoja alisema X, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akikata makosa kwenye daftari la shule.

Wewe ulikuwa wa saba. Ilikuwa Jumapili, ulikuwa unapiga pasi sare zako, ukaniweka kwenye spika. Umesahau, lakini mimi niliandika. Kwenye daftari langu pameandikwa: "Karani wa masjala, miaka 51. F. Anasema: Sasa iwe nini kama si F? Hivi hao wenzako wana akili timamu?"

Nilimpelekea Mkuu daftari. Alilitazama kwa muda wa kumaliza kikombe chake cha kahawa, akasema watu wa kawaida watazoea. Nami nikalifunga. Sikubishana hata dakika moja, Dada. Miezi miwili baadaye nikapandishwa cheo, nikampa Mama kadi.

Nimeuchana ukurasa ule kutoka kwenye daftari. Leo asubuhi nimeutuma kwa kamati kwa njia ya haraka, pamoja na barua yenye jina langu, cheo changu na haya yote niliyokuandikia. Wewe nakutumia nakala yake. Nimemweleza pia Mkuu wangu. Ameniambia nikabidhi kitambulisho cha mlangoni.

Sikuombi kitu.

Kifutio


5 Aprili

Marahaba. Salamu ni salamu, huwezi kuniamulia kama nitaipokea.

Mwenyekiti aliisoma barua yako mbele ya wote, na ule ukurasa wa daftari ukapitishwa mkono kwa mkono. Waliangalia mwandiko wako kwanza, kama kawaida ya watu. Halafu akasema karatasi peke yake si ushahidi, na isitoshe mwandishi ni ndugu yangu. Nikaona kazi imekwisha. Nikamwomba jambo moja tu: iletwe kompyuta, ichomolewe waya wa mtandao, na kila mjumbe afute barua moja bila kipanya, akiiamini skrini tu kama nilivyoiamini mimi. Akacheka. Lakini ikaletwa.

Akaanza Muuguzi Mkuu. F. Akafuata Mhasibu, yule wa kunusa kijiko. F. Daktari wa wodi ya tatu akakuna kidevu, akaikunja mikono ya shati utadhani anaingia chumba cha upasuaji. F. Mwakilishi wa wafanyakazi akasema yeye ameshaelewa hana haja, wakamlazimisha, akabonyeza F huku anaangalia dirishani. Akabaki Mwenyekiti. Akasema yeye hawezi kunaswa, ameshawaona wenzake. Akakaa, akaitazama ile kibodi kutoka juu hadi chini. Dakika moja. Mbili. Akauliza, "Sasa ni ipi?" Hakuna aliyejua! Watu watano waliotaka kunifukuza kwa kutoijua, hakuna hata mmoja aliyeijua.

Nikasema ni D. "D ya nini?" Nikamwambia amwandikie Mratibu wa Lugha.

Mpishi alikuwa ameketi karibu na mlango, aprini yake mwilini, kwa sababu yeye ndiye mlalamikaji. Hakuna aliyemwita. Akainuka mwenyewe, akaja, Mhasibu akasogeza kiti nyuma kumpisha, akakisogeza mbali kuliko ilivyohitajika. Mpishi akabonyeza F kwa kidole kimoja. Kisanduku chako kikatokea. Akakisoma midomo ikicheza, kisha akauliza, "Uhakika wa nini?"

Akanigeukia. "Wewe ulidhani wa kufuta."

Nikasema ndiyo.

"Ulitaka kunifutia."

Nikasema ndiyo, na hapo nikalia, kitu ambacho nilikuwa nimeapa sitakifanya mbele ya watu wale. Akavuta kiti akakaa kando yangu hadi mwisho wa kikao. Nilimsikia tu anavyohema.

Basi, wamenirudisha kazini. Jumatatu naanza. Kipanya kipya kimeshawekwa mezani kwangu, bado kiko kwenye nailoni yake, mtunza stoo amekileta mwenyewe huku akinipongeza. Wote wananipongeza. Mwenyekiti amenishika mkono kwa mikono miwili. Wamenisafisha mimi, nimetakata. Lakini kikao kilipoisha saa saba kamili, nikawatazama wale watano wanashuka ngazi. Walilipita bwalo kama hawalioni, wakatoka getini kwenda kula nje. Hakuna aliyemwambia Mpishi hata neno samahani. Nikiikumbuka migongo yao ile, ile kompyuta naiona afadhali. Yenyewe haikujua ilichokifanya.

Mama ameniambia umefukuzwa. Anadhani ni kupunguzwa kwa wafanyakazi, nami nimemwacha adhani hivyo. Pole. Hiyo pole si ya moyo wote, ila nimeiandika. Nimeuona mwandiko wako kwenye ule ukurasa, nikaikumbuka ile Jumapili na ile pasi, na nimeona kwamba uliniuliza swali zuri, nikakujibu vizuri, ukaenda ukanifunga ndani ya daftari. Hilo ndilo linaloniuma kuliko barua ya kosa la mtumiaji. Sijakusamehe. Siku nikikusamehe nitakupigia simu.

Kwa sasa huna kazi, kwa hiyo huna kisingizio. Panda basi uje. Fika bwaloni Jumatano saa saba na robo, wakati wote wameshakaa na mikate yao ya mifukoni. Shika sahani upange foleni. Itakuwa foleni ya mtu mmoja. Ukifika dirishani, mwambie Mpishi wewe ni nani na ulifanya nini, na usifupishe. Akikupakulia, ukakae meza ya katikati. Usigeukie ukutani. Ule umalize, wote wanakuona.

Halafu urudi dirishani uombe kuongezewa, kama ulivyoomba mwaka ule. Omba kwa sauti.

Dada yako